Meya akiwashtaki waliomshtaki, tusikimbilie kucheka

Mhariri,

Meya au diwani wa Marekani akienda mahakamani kulalamika kwamba alishtakiwa kwa sababu za kisiasa, sisi wasomaji wa Kiswahili hupewa habari ya aina moja kati ya mbili. Ama huyo ni mwanasiasa anayelipiza kisasi, ama ni mwathirika aliyeonewa na wakubwa. Habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza jambo ambalo majaji wenyewe hulihangaikia: je, mwananchi mwingine aliyefanya jambo lile lile, lakini hana ugomvi na mtu yeyote mwenye madaraka, angekamatwa?

Nieleze kwa kisa cha Castle Hills, mji mdogo uliozungukwa na jiji la San Antonio, Texas. Mwaka 2019 Sylvia Gonzalez, mama wa miaka 72, alichaguliwa kuwa diwani. Wakati wa kampeni wapiga kura walimlalamikia sana mkurugenzi wa mji, kwa hiyo jambo la kwanza alilolifanya ni kusaidia kukusanya saini za kutaka mkurugenzi huyo aondolewe. Watu zaidi ya 300 walisaini. Waraka ukapelekwa kwenye kikao cha baraza, mjadala ukawa mkali, ukaendelea hadi kesho yake. Kikao kilipoisha, mama akakusanya makaratasi yake. Meya akauliza waraka uko wapi. Gonzalez akaambiwa atazame kwenye faili lake, akatazama, akaukuta humo. Yeye anasema hakuuweka kwa makusudi na alishangaa kuuona.

Mahali pengi jambo hilo lingekwisha kwa kicheko. Castle Hills waliita polisi. Uchunguzi ukafanyika, na wakili wa kujitegemea aliyepewa kazi ya kuuongoza akaona kuna kosa la kuondoa kumbukumbu ya serikali. Hakimu akatoa hati ya kukamatwa. Gonzalez akajisalimisha mwenyewe, akawekwa mahabusu, na baadaye mwendesha mashtaka wa wilaya akayafuta mashtaka. Waraka ambao mama huyo alidaiwa kuuiba ulikuwa ule ule alioupigania yeye mwenyewe ufike kikaoni.

Ndipo akafungua kesi ya haki za kiraia. Sheria iliyompa mlango ni ya mwaka 1871. Bunge la Marekani liliipitisha wakati Ku Klux Klan ilipokuwa ikiwatisha na kuwaua watu weusi huku viongozi wa mitaa wakifumba macho au wakishiriki, na Rais Ulysses Grant akaitia saini. Inamruhusu mtu kumdai fidia afisa wa jimbo au wa mji aliyetumia madaraka yake kumnyang'anya haki za kikatiba. Mawakili huiita kwa namba tu, kifungu cha 1983.

Mlango upo, lakini ni mwembamba kuliko magazeti yanavyotuonyesha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Nieves dhidi ya Bartlett kwamba kama polisi walikuwa na sababu ya kisheria ya kukukamata, kwa kawaida huwezi tena kudai kwamba ulikamatwa kwa ajili ya maneno yako. Hata kama nia yao ilikuwa chafu. Mahakama ikaacha upenyo mmoja: kama unaweza kuonyesha kwamba wengine walifanya vile vile na hawakuguswa. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano wa anayevuka barabara mahali pasiporuhusiwa. Wanaovuka hivyo ni wengi na hawakamatwi, kwa hiyo ukimkamata mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akiwakosoa polisi kwa sauti kubwa, hapo pana la kuuliza.

Mawakili wa Gonzalez walifanya kazi ambayo ningependa kila mwandishi wa habari za mahakama aifikirie. Walipitia kumbukumbu za mashtaka za miaka kumi za kaunti ya Bexar, ambako Castle Hills iko. Walikuta kifungu kile cha kuondoa au kuchezea kumbukumbu za serikali kikitumika kwa watu waliotengeneza vitambulisho bandia, leseni za udereva za kughushi, namba za hifadhi ya jamii zisizo zao. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuondoka na karatasi ya saini za wananchi hakuwepo hata mmoja. Mahakama ya Rufani ikasema hiyo haitoshi, mlalamikaji alete mtu halisi aliyefanya kama yeye akaachwa. Lakini utampata wapi diwani mwingine aliyebeba waraka wake mwenyewe kwenye faili? Tarehe 20 Juni 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo na kusema mtazamo wa majaji wa rufani ulikuwa finyu mno. Haikusema Gonzalez ameshinda. Ilisema ushahidi wa aina ile unastahili kutazamwa, kesi ikarudishwa chini. Yeye mwenyewe anasema mkasa ule ulitosha kumfanya aachane na siasa.

Mtu atasema, na kwa haki kabisa, kwamba wanasiasa wezi ndio wanaopenda zaidi wimbo wa "naonewa". Ni kweli. Na wako wanaoshangilia mpinzani anapotiwa pingu, kisha zamu yao ikifika wanagundua ghafla kwamba kuna kitu kinaitwa matumizi mabaya ya mamlaka: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini dawa ya uongo huo ni kwenda kwenye rejesta na kuhesabu kama walivyofanya wale mawakili. Kejeli haijawahi kumtambua mwizi.

Isitoshe, yako madai yaliyothibitika. Kaunti ya Maricopa, Arizona, ambako liko jiji la Phoenix, ilikuwa na mwanasheria wa kaunti, yaani mwendesha mashtaka wake mkuu, aliyeitwa Andrew Thomas na mkuu wa polisi Joe Arpaio. Wote wawili walikuwa wamegombana na bodi inayosimamia kaunti, kwa mambo ya bajeti na ujenzi wa jengo la mahakama. Desemba 2008 mjumbe wa bodi, Don Stapley, akafunguliwa mashtaka 118 kuhusu fomu za kutaja mali na maslahi yake. Mwenzake, Mary Rose Wilcox, akashtakiwa baadaye. Desemba 2009 ikafika zamu ya jaji, Gary Donahoe, aliyeshtakiwa kwa rushwa saa chache tu kabla ya kusikiliza shauri ambalo Thomas hakutaka lisikilizwe. Mashtaka hayo hayakumfikisha yeyote kati yao gerezani. Aprili 2012 jopo la nidhamu likamvua Thomas uwakili, baada ya kuona kwamba jaji yule alishtakiwa bila msingi, kwa lengo la kuzuia kikao chake.

Naomba msomaji aangalie vyama. Thomas, Arpaio na Stapley wote walikuwa Warepublican. Wilcox alikuwa Mdemokrati. Sisi tukisikia "mashtaka ya kisiasa" tunatafuta mara moja chama tawala na upinzani, wakati mara nyingi chanzo ni bajeti, kiwanja, jengo, au nani anasaini malipo. Siasa za mji hazifuati ramani ya siasa za taifa.

Halafu kuna malipo. Stapley alilipwa dola milioni 3.5 kumaliza kesi yake. Wilcox alipata dola 975,000. Fedha hizo zilitoka kaunti, maana yake ni kwa mlipa kodi wa Phoenix, yule yule ambaye mjumbe wake wa bodi alikuwa akikokotwa mahakamani. Aliyetunga mashtaka alipoteza leseni, nayo ni adhabu kubwa, lakini bili walilipa majirani.

Sababu mojawapo ni kinga. Mwaka 1976, katika kesi ya Imbler dhidi ya Pachtman, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwendesha mashtaka hawezi kudaiwa fidia kwa kazi ya kufungua na kuendesha kesi, hata akidaiwa kutumia ushahidi alioujua kuwa wa uongo. Hoja yao ilikuwa kwamba bila kinga hiyo angeogopa kila mshtakiwa aliyeachiwa. Naielewa hoja, ila sikubali upana wake. Polisi aliyekutia pingu anaweza kudaiwa, japo naye ana kinga yake nyepesi zaidi. Aliyeketi ofisini akaamua utiwe pingu, hapana. Mwaka 1993 mahakama hiyo hiyo iliipunguza kidogo: mwendesha mashtaka akisimama mbele ya waandishi wa habari, maneno yake hapo hayalindwi na kinga kamili, kwa sababu kuongea na vyombo vya habari si kuendesha kesi.

Ndiyo maana kesi ya meya wa Newark, New Jersey, ilifunguliwa jinsi ilivyofunguliwa. Ras Baraka alikamatwa tarehe 9 Mei 2025 kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji cha Delaney Hall, akashtakiwa kwa kuingia mahali bila ruhusa. Wakati huo alikuwa anagombea uteuzi wa Wademokrati kuwania ugavana. Siku kumi baadaye shitaka likafutwa, na hakimu wa shirikisho, André Espinosa, akawakaripia waendesha mashtaka hadharani kwa kukamata kwa pupa. Tarehe 3 Juni Baraka akafungua kesi. Alidai kukamatwa kinyume cha sheria na kushtakiwa kwa nia mbaya, na dhidi ya Alina Habba, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho wa muda katika jimbo hilo, akaongeza dai la kuchafuliwa jina kwa maneno aliyoyatoa kwa umma. Ukijua habari ya kinga, unaona kwa nini maneno ya hadharani yana uzito kuliko hati ya mashtaka yenyewe.

Ni kweli pia kwamba kesi ilifunguliwa wiki moja kabla ya kura ya uteuzi ya tarehe 10 Juni, kura ambayo Baraka alishindwa na Mikie Sherrill. Anayesema tarehe hiyo ilinukia kampeni hajakosea. Kesi inaweza kunukia kampeni na bado ikawa na msingi. Mahakama ndiyo ya kupima.

Siasa vilevile huweza kuingia kwa mlango wa pili, ule wa kufuta mashtaka. Eric Adams, aliyekuwa meya wa New York, alishtakiwa kwa rushwa Septemba 2024, naye akadai anaandamwa kwa sababu ya msimamo wake kuhusu wahamiaji. Februari 2025 Wizara ya Sheria ikaagiza kesi ifutwe, mwendesha mashtaka aliyekuwa akiisimamia, Danielle Sassoon, akajiuzulu kuliko kutii. Tarehe 2 Aprili Jaji Dale Ho aliifuta kesi isiweze kufunguliwa tena, huku akiandika kwamba jambo lote lilinuka harufu ya makubaliano ya kupeana. Kwa hiyo "mashtaka yamefutwa" nayo si habari kamili. Yalifutwa na nani, kwa ombi la nani, kwa sababu ipi iliyoandikwa?

Ombi langu kwenu ni dogo. Kesi kama hizi zinapofunguliwa mnazipa nafasi, lakini nyingi humalizika baada ya miaka kadhaa, kimya kimya, kwa makubaliano ya fidia ambayo hayana picha nzuri ya pingu. Wekeni mwandishi mmoja azifuatilie hadi mwisho, na atuandikie wengine wangapi walishtakiwa kwa kifungu kile kile mahali pale pale, na hundi ya fidia imetoka mfuko gani.

Msomaji wenu wa kila siku