Ukimleta mama Mji Mkongwe, anza na saa na ngazi

Mhariri,

Sikukuu zikikaribia, kurasa za matembezi magazetini hujaa mapendekezo ya mahali pa kumpeleka mzazi mwishoni mwa wiki, na Mji Mkongwe wa Zanzibar haukosekani. Majumba yanatajwa, milango ya nakshi inatajwa, bustani ya Forodhani ndiyo kabisa. Nani atakayepanda ngazi za majumba hayo, na kwa magoti gani, hilo halitajwi. Sisi tunaotembeza wageni mitaani humu tunawaona wanaoteseka, na kwa kawaida si vijana. Ni mama wa miaka 70 aliyeletwa na wanawe kwa mapenzi yote, kisha akashindishwa juani tangu asubuhi. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wa Dar es Salaam na Bara namna ya kuipanga safari hii ya siku mbili.

Kinachoharibu zaidi ni saa. Boti ya kwanza kwa kawaida hutoka Dar saa moja asubuhi na kufika bandari ya Malindi, hapa Unguja, karibu na saa tatu. Hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia saa nane mchana. Kesho yake chumba kinadaiwa saa nne au saa tano asubuhi, na wengi wamekata tiketi ya kurudi alasiri ili "wafaidi siku". Jumlisha mwenyewe: kama saa tano Jumamosi na nyingine tano Jumapili, mzazi hana kitanda wala choo chake, na hizo ndizo saa za jua la utosi. Mizigo imeachwa mapokezi, dawa zimo ndani ya mizigo, naye anazungushwa madukani kupoteza muda.

Dawa yake ni kulala usiku mbili. Njooni Ijumaa, mfike jioni mkalale, na Jumamosi yote iwe yenu bila kukimbizana. Kama kazi haziruhusu, pigeni simu hotelini mapema muulize chumba cha kuingia asubuhi, hata kwa kulipia nusu siku, na mwombe kutoka saa nane siku ya kuondoka. Chumba cha chini ni rahisi kupewa mapema, kwa kuwa watalii hawakigombei. Wao wanataka juu wakaione bahari.

Na chumba cha chini ndicho mnachokitaka. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, nazo zilipanda juu kwa kuwa uwanja ulikuwa mdogo. Ngazi zake ni za mbao au mawe, nyembamba, na kimo cha kidato kimoja mara nyingi hupita sentimita 20. Lifti ni adimu, kwani mji umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na nyumba hazibomolewi ovyo kupitisha mitambo. Kwa hiyo mkiambiwa "ghorofa ya kwanza tu", msiridhike. Ulizeni ni vidato vingapi kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani, na kama kuna mkono wa kushikia pande zote mbili. Kisha ulizeni kifungua kinywa kinaliwa wapi. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: wamepata chumba cha chini kizuri, asubuhi wanaambiwa chai iko juu ya paa, ghorofa ya nne. Hoteli nyingi zitakubali kukuletea sinia chini, ila mpishi aambiwe usiku, si asubuhi mama akiwa ameshika tama.

Ndani ya chumba angalieni kitanda. Kitanda cha Kizanzibari ni kirefu kwenda juu, vingine hupandiwa kwa kigoda. Mzee anayeamka mara mbili usiku kwenda haja atashuka gizani, mguu ukutane na chandarua kilichoburuzika sakafuni, kisha kizingiti cha choo kilichoinuliwa, kisha sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inang'aa. Ombeni kitanda kifupi. Njooni na tochi ndogo, zulia la mpira la bafuni na kandambili zisizoteleza. Chandarua kichomekwe chini ya godoro upande anaoshukia, akisharudi.

Swali la mwisho kwa hoteli: gari linasimama wapi? Sehemu za Shangani, Vuga na barabara ya Mizingani gari linafika au linakaribia mlango. Ndani ya Kiponda, Hurumzi au Sokomuhogo haliingii, mtatembea vichochoroni. Mizigo mpeni hamali, bei ikatwe kabla hajaishika. Mama atembee upande wa ukuta, ninyi upande wa njia, kwa sababu pikipiki na baiskeli hutokea kwenye kona bila honi, na mzee mwenye masikio mazito hazisikii. Kiti cha magurudumu kinakwenda vizuri Forodhani na Mizingani. Vichochoroni kuna mifereji na mawe yaliyonyanyuka, kitawachosha wote wawili.

Sasa bahari. Tiketi zikatwe kwenye ofisi au tovuti ya kampuni yenyewe, si kwa vishoka wa getini, na jina liwe lile lile la kwenye kitambulisho. Ulizeni viti viko sitaha ya juu au ya chini. Daraja la gharama si lazima liwe bora kwa mzee ikiwa limewekwa juu kwenye ngazi, maana juu ndiko boti inakoyumba zaidi. Sehemu tulivu ni chini, katikati kuelekea nyuma, karibu na dirisha. Karibu na choo pia, lakini si mbele ya mlango wake.

Kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa upepo ni wa kusi, unaovuma kutoka kusini, na makali yake ni Juni hadi Agosti. Zanzibar iko kaskazini mwa Dar, kwa hiyo kuja mnasukumwa na mawimbi, kurudi mnayapiga usoni. Ndiyo maana abiria waliokuja wakicheka hurudi na mifuko mdomoni. Msimu huo rudini na boti ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, kama nusu saa hadi saa nzima. Ukishaanza kutapika umechelewa. Lakini nyingi ya dawa hizo hulevya, na zinaweza kumfungia mkojo mzee mwenye tezi dume au kumdhuru mwenye presha ya macho. Aulizwe daktari au mfamasia, asipewe tu na jirani wa kiti.

Jambo moja Wabara wengi hawalijui: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hutoka sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Boti ya asubuhi hukuta maji yakitoka, na njia ya kupandia gatini huwa na mwinamo mkali zaidi. Mzee wa magoti akae hadi msongamano uishe, kisha atoke polepole mtu mmoja akiwa upande wa chini yake, si wa juu. Akiteleza ataangukia chini.

Ndege ni dakika 20 tu hewani, na kwa mzee anayeogopa bahari inafaa. Ila zile ndogo zina ngazi fupi zilizosimama wima na mlango wa kuinamia, na begi kwa kawaida linatakiwa liwe laini na lisizidi kilo 15. Kwa mgonjwa wa nyonga, boti ina unafuu. Mzazi anayekuja na pasipoti ya nje, kama wale wa Uingereza au Kanada waliobadili uraia, alipie mapema bima ya wageni ya Zanzibar ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024, ili msijadiliane naye kaunta.

Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, za siku mbili zaidi ya safari. Wazee wa presha wana hila moja: siku ya safari wanaacha kimyakimya kidonge cha kukojosha, wasisumbuke na choo njiani. Jioni miguu imevimba na pumzi ni fupi. Mwulizeni daktari kabla kama kidonge kinaweza kusogezwa hadi mkifika, badala ya kuachwa. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji ya hoteli, mbali na ukuta wa barafu, kwa kuwa ikiganda imekufa. Inayotumika haihitaji friji, inahitaji kivuli. Hospitali kubwa, Mnazi Mmoja, iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, karibu sana. Kadi ya bima ya Bara msidhani tu kwamba itapokelewa. Ulizeni kabla, na mwe na fedha za akiba.

Nini cha kutazama? Kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Katikati ni usingizi. Asubuhi anzeni saa mbili, kabla mawe hayajashika moto. Ngome Kongwe haina kiingilio, ndani ni uwanja ulio sawa wenye vivuli, na mzee anaweza kukaa akaangalia watu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Litazameni kwa nje, msimwahidi mama kuingia bila kuuliza kwanza. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873, linamgusa mzee wa imani yoyote. Ndani ya kanisa pakavu, pana viti, na upo msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa. Vile vyumba vya chini ya ardhi jirani yake, vinavyoonyeshwa kama vya watumwa, ni vya dari fupi, joto na kuinama. Mwenye pumu au mgongo asishuke, abaki kivulini na mmoja wenu. Mkatoliki atataka misa ya Jumapili Minara Miwili, yaani kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mama Mwislamu atafutiwe mapema msikiti wenye sehemu ya wanawake, kwani misikiti mingi midogo ya mitaani haina.

Kisiwa cha Changuu na kobe wake kiacheni kama magoti ni mabovu. Boti ndogo hupandwa ufukweni, mtu akiingia majini hadi magotini na kujivuta juu. Na nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury, kusema kweli, hiyo ni yenu, si ya mama.

Sokoni Darajani atapataka, tena atapapenda kuliko vyote. Mpelekeni mapema, avae viatu vya kufunga, na mzungukie upande wa viungo. Upande wa samaki sakafu ni maji na magamba.

Msimwulize mzazi "umechoka?" Atajibu hajachoka, kwa kuwa anajua mmetumia fedha. Semeni ninyi ndio mnaoumwa miguu, kisha mkae. Baraza za mawe nje ya nyumba ni za kukalia, mtoe salamu tu kwa mwenye nyumba. Vilevile bei asiione: akiona menyu ataagiza chai kavu. Lipeni pembeni. Na acheni nusu siku tupu, maana hakosi mtu Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, mtoto wa shangazi au mwenzake wa kwaya, na huko hamtaruhusiwa kuondoka bila kula. Vijana wenye kaptura nao wajisitiri kidogo mitaani. Mama ana kanga yake, anayeaibika kwa ajili yenu ni yeye.

Forodhani nendeni magharibi ikiingia, joto limepungua na mabenchi hayajajaa. Mwambieni mchomaji achome mbichi mbele yenu; mshikaki wa pweza uliokwisha kuiva na kusubiri wateja ndio huleta tumbo la usiku. Urojo ni laini kwa meno mabovu, ila una chumvi na pilipili. Juisi ya miwa kwa mwenye kisukari ni glasi ya sukari, hata ikitiwa ndimu.

Tarehe nazo zichagueni. Februari kwenye tamasha la Sauti za Busara muziki huendelea Ngome Kongwe hadi usiku, kwa hiyo hoteli za Shangani na Forodhani hazilaliki. Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na mgonjwa anayelazimika kula aandaliwe chumbani. Masika, Machi hadi Mei, vichochoro huteleza na baadhi hujaa maji.

Wenye hoteli nawaomba jambo dogo: kwenye matangazo yenu, pamoja na picha ya paa na machweo, andikeni idadi ya vidato hadi kila chumba na umbali kutoka gari linaposimama. Maswali hayo tunaulizwa sisi njiani, mzigo ukiwa tayari kichwani mwa hamali.

Mtembeza wageni,
Mkunazini, Zanzibar