Heri ya sikukuu wenzangu wa matengenezo, someni kabla hamjatawanyika

Kaka zangu na dada zangu, mafundi bomba, mafundi umeme, maseremala, watu wa viyoyozi, mama zetu na vijana wetu wa usafi, watu wa bustani, walinzi mnaozunguka na sisi usiku, wa stoo na wa kupokea simu. Wazee wetu shikamooni, wengine wote natumaini mko salama.

Naandika nikiwa ofisini. Wanafunzi wa mwisho wameondoka jana jioni na mabegi yao, leo chuo kimetulia mpaka naisikia pampu ya tangi kuu ikiwaka na kuzima, kitu ambacho mwaka mzima hukisikii kwa kelele za watu. Nimekaa nikaisikiliza muda, nikasema ngoja niwaandikie wenzangu kabla simu hazijaanza, maana mwaka huu umekuwa na mambo mengi na mengine sikuwahi kuwaambia vizuri kwa mdomo.

Naanza na mzee wetu wa mabomba kwa sababu ndo analala moyoni mwangu. Wengi mnajua anastaafu mwisho wa mwezi huu. Mnakumbuka ule usiku bomba lilipopasuka nyuma ya maktaba? Mimi nilikuwa zamu. Maji yanapanda ngazi za chini kuelekea stoo ya vitabu, sisi tuna ramani mkononi, ramani inasema valvu iko hapa, tunachimbua hapa hakuna kitu, kumbe miaka ya nyuma walipoweka sakafu mpya ya nje waliifunika na hakuna aliyeandika popote. Nikampigia mzee saa nane usiku. Hakuuliza hata maswali mawili, akasema toka mlango wa nyuma, hesabu hatua kumi na mbili kuelekea mti mkubwa, utakuta tofali moja rangi yake tofauti, nyanyua hilo. Tukanyanyua na valvu ilikuwa pale pale. Vitabu vikapona kwa kama vidole vinne vya maji hivi.

Siku ile wote tulimshukuru sana, lakini mimi nilirudi nyumbani nimeogopa. Yaani chuo chenye majengo yote haya, sehemu ya kufunga maji iko kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo ana miezi michache tu abaki na sisi, je angekuwa amezima simu? Angekuwa anaumwa?

Ndo maana kwangu kazi kubwa kuliko zote mwaka huu sio zile zilizopigwa picha, ni ile ya kila Jumatano asubuhi mzee akitembea taratibu na wale vijana wawili wa mafunzo, jengo kwa jengo, kila valvu inatafutwa, inafunguliwa, inafungwa, inapigwa namba kwenye kibati na kuandikwa inazuia maji ya wapi. Mnajua wenyewe valvu ikikaa miaka bila kuguswa inashika kutu, siku unayoihitaji ndo siku inakatika mkononi. Na mzee akawa anawafundisha vitu ambavyo kwenye karatasi huwezi kuvikuta, kwamba valvu ya geti ukishaifungua mpaka mwisho irudishe kidogo isije ikakwama ikiwa wazi, kwamba usifungue maji ghafla kwenye bomba tupu maana hewa na mshindo wa maji vitakupasulia kiungo mahali pengine kabisa. Madaftari mawili yamejaa, ramani mpya imechorwa, na wale vijana wanaweza kukupeleka kwenye valvu yoyote gizani. Mzee wetu, kama utasomewa hii, jua umetuachia kitu kikubwa sana na tunakushukuru kutoka moyoni. Namba yako hatuifuti, ila tutajitahidi tukupigie kwa salamu tu.

Habari nyingine za watu. Binti yetu wa umeme amefaulu mtihani wa leseni na kuanzia mwaka mpya anasaini kazi mwenyewe, hongera sana mdogo wangu, tuliona ulivyokuwa unasoma wakati wa chakula wenzako wamelala kwenye mabenchi. Mwenzetu wa stoo amepata mtoto, mama na mtoto wazima. Na mwenzetu wa bustani tuliyemzika katikati ya mwaka, familia yake ilituma ujumbe kwamba wanashukuru kwa kila aliyefika, mimi kila nikipita kwenye ile miche aliyoipanda kando ya ukumbi wa mihadhara naona imeshika vizuri, na kijana aliyechukua nafasi yake anaimwagilia asubuhi mapema kabla jua halijakaza kama marehemu alivyokuwa akitaka. Mungu amlaze pema.

Halafu suala la zamu ya usafi. Mliolipigania miaka yote lile jambo la mama zetu kuingia saa nne usiku na kutoka alfajiri, limebadilika na sasa wengi wanaingia asubuhi. Mwanzoni kulikuwa na maneno, oo watasumbua madarasa, oo mafagio yatakuwa njiani. Sijaona lililoharibika. Nilichoona ni kwamba wanafunzi sasa wanawasalimia kwa majina, na kwamba hitilafu tunazipata mapema maana mtu anayefagia korido kila siku anaijua kuliko fundi yeyote. Yule mama aliyekuja kutuambia kuna harufu ya plastiki kuungua karibu na boksi la umeme ghorofa ya pili, wakati hakuna taa iliyozima wala fyuzi iliyokatika, alituokoa jengo, nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Tulipofungua tukakuta waya mmoja umelegea kwenye skrubu yake. Waya ukilegea umeme unapita kwa shida, panapata joto, joto linazidi kulegeza, linakula plastiki, na fyuzi haikatiki kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango, kwa hiyo inaweza ikaendelea hivyo kimya kimya mpaka siku ya moto. Baada ya pale ndo tukapata ile kamera ya joto, na binti yetu akapita maboksi yote ya majengo makubwa. Alikuta mengine yaliyolegea. Yamekazwa yote.

Miradi mingine nitapita haraka. Taa za tyubu tumeshazitoa kwenye madarasa yote na zaidi ya nusu ya ofisi, zimeingia za LED. Wapo wanaouliza haraka ya nini, tyubu zilikuwa zinawaka. Tyubu zile ndani zina zebaki, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule uliopitishwa 2013, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya tyubu hizo viishe ifikapo 2027, kwa hiyo ukingoja utakuja kukuta hakuna spea na majengo yanazima moja moja. Tafadhali zile za zamani zilizopangwa kwenye makreti mtu asizivunje ili zikae nafasi ndogo, zebaki ikitoka ni mvuke na wewe ndo utaivuta. Zitachukuliwa zikiwa nzima.

Viyoyozi vya gesi ya R-22 vimebaki vichache, vile vya jengo la utawala. Gesi ile ndo zile zinazotoboa tabaka la ozoni, dunia ilishakubaliana chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kuziondoa kidogo kidogo, na kila mwaka kuipata ni shida zaidi. Kikiharibika sasa hivi hatujazi tena, tunabadilisha.

Koki za hosteli, hapa niwasifu vijana wa mabomba kwa kazi ambayo haina picha hata moja. Chumba kwa chumba, kubadilisha kampira ka ndani. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kama lita elfu kumi na moja kwa mwaka, koki moja hiyo, sasa zidisha kwa hosteli nzima uone tulikuwa tunamwaga nini.

Na nitasema na hili maana likinikaa rohoni sikukuu haitaninogea. Paa la jengo la sayansi bado linavuja. Tumeandika, tumepiga picha, tumepeleka ndoo. Kila mahali nilipowahi kufanya kazi hii nimeona kitu kile kile, pesa ya jengo jipya inapatikana upesi kwa sababu kuna siku ya kukata utepe, ya kuziba paa la zamani inangoja bajeti ijayo, na paa halingoji, maji yanaingia kwenye dari, kutoka dari yanaingia kwenye umeme, mwisho kazi ya wiki mbili inakuwa kazi ya miezi sita. Mwaka mpya tutaandika tena, na safari hii tutaambatanisha picha za kamera ya joto zinazoonyesha unyevu umefika wapi. Sitachoka kuuliza, nawaahidi.

Sasa tunaobaki. Watu wa nje wanadhani chuo kikifungwa na kazi inafungwa, sisi tunajua likizo ndo wakati pekee wa kuzima umeme wa jengo zima bila kumkatiza mtu mtihani. Lakini pia jengo lisilo na watu linaumwa kwa namna yake. Maji yakisimama kwenye mabomba wiki mbili tatu, hasa yakiwa vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, kuna bakteria wanazaliana humo. Mnakumbuka ile semina, mwaka 1976 kule Philadelphia watu waliokuwa kwenye mkutano hotelini waliugua mapafu na wengi wakafa, hakuna aliyejua ni nini mpaka 1977 ndo mdudu mwenyewe akagunduliwa, akaitwa Legionella. Anaingia mapafuni kwa vile vitone vidogo vya maji vinavyoruka bafuni. Kwa hiyo wa zamu, kila wiki fungueni mabomba na mabafu ya hosteli zote maji yatembee dakika kadhaa, anzeni taratibu yasirushe vitone, na tangi la maji moto lisishuke chini ya nyuzi 60. Msiruke ghorofa kwa sababu ya ngazi.

Mkishafanya hivyo mtakuwa mmemaliza na tatizo la harufu pia. Kile kipinda cha bomba chini ya sinki kinakaa na maji ili hewa ya majitaka isirudi ndani, mtengeneza saa mmoja Mskoti, Alexander Cumming, ndo alisajili choo chenye kipinda hicho mwaka 1775 na mpaka leo hatujapata kitu bora zaidi, ila maji yake yakikauka kinakuwa tundu tu. Nusu ya malalamiko tunayopata wiki ya kwanza ya kufungua, choo kinanuka choo kinanuka, ni vipinda vikavu. Mwagieni maji na matundu ya sakafuni, yale ya vyumba visivyotumika ndo yanasahaulika.

Friza za maabara zile za nyuzi 80 chini ya sifuri, ziangalieni asubuhi na jioni kwa macho, msitegemee king'ora peke yake. Mle ndani kuna sampuli za watu za miaka mingi, mtu amekusanya ujana wake wote mle, na ikifa friza wakati yeye yuko kwao hakuna cha kumrudishia. Jenereta liwasheni likiwa na mzigo, sio kulinguruma tupu dakika tano na kuzima, dizeli isipoungua vizuri inajaza masizi na siku ya kuhitajika ndo litakugomea.

Kitu cha mwisho na ndicho kilichonifanya niandike. Nimeangalia ratiba ya zamu ya tarehe 24 na 25, nimekuta majina karibu yote ni ya ndugu zetu Waislamu. Hakuna aliyewapangia. Nilipouliza nikaambiwa tumejipanga wenyewe, wao walituchukulia zamu siku ya Idi na sisi tunawachukulia Krismasi, imekuwa hivyo tangu enzi za mzee. Nimefanya kazi hapa miaka na sikujua kwamba hilo halikuwahi kuandikwa popote, linakwenda kwa watu kuambiana tu. Jamani. Mungu awalipe. Watoto wetu watakuwa na baba zao na mama zao mezani siku hiyo kwa sababu yenu, na Idi ikifika andikeni jina langu la kwanza kwenye ratiba.

Mnaosafiri, safirini salama, msikimbilie magari ya usiku. Simu za kazi zizimeni kweli, ukiona ujumbe wa grupu usijibu, wapo watu wa kujibu. Mnaoadhimisha Krismasi heri ya Krismasi, wote heri ya mwaka mpya, walio na wagonjwa nyumbani Mungu awape nafuu, waliofiwa mwaka huu na sikukuu hii inawajia ikiwa na kiti kitupu tuko pamoja nanyi.

Funguo za chumba cha pampu ziko kwenye ndoano ya tatu, daftari la valvu liko juu ya meza chini ya tochi, lisitoke ofisini. Nimeshajaza tochi chaji. Zamu ya kwanza ni yangu, nikituma hii nakwenda kufungua mabomba ghorofa ya juu ya hosteli, naanzia chumba cha mwisho kule.