SACCO zisiuziwe fanksheni kwa kila kazi

Mhariri,

SACCO na vyama vya wakulima kuanzia Kisumu hadi Bungoma vinashawishiwa kuhamishia mifumo yao kwenye kompyuta za wingu, yaani za kukodi kupitia mtandao, na wimbo wa mafundi ni mmoja: achaneni na seva, kila kitu kiwe fanksheni, yaani kipande kidogo cha programu kinachoamka tukio linapotokea na kulala kazi ikiisha. Kwa kazi fupi ya hatua moja, sawa. Kwa mkopo wa mbolea, hapana.

Chukua malipo ya M-Pesa. Pesa zikiingia, ujumbe unaamsha fanksheni. Fanksheni inaondoa magunia mawili kwenye hesabu ya stoo, kisha inamtumia mkulima SMS. SMS ikikwama, kazi nzima inahesabiwa imeshindwa. AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha fanksheni, ikiitwa na asiyesubiri jibu, kwa kawaida hujaribu tena mara mbili, na kila mara inaanza upya. Mkulima kalipia magunia mawili, stoo imepungua sita. Hapo utasikia lawama kwa mtandao, ilhali kosa ni la aliyeandika programu. Namba ya risiti ya M-Pesa ilipaswa kuwa ufunguo usiorudiwa katika hifadhidata, tena iandikwe ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaopunguza stoo, ili yote mawili yafanikiwe au yote yafutwe. Namba hiyo ikiandikwa kwanza peke yake na fanksheni ife papo hapo, jaribio la pili litaikuta risiti, liondoke, na mkulima akose mbolea.

Mkopo una taabu nyingine, nayo ni kungoja. Kamati ya mikopo inakutana Alhamisi. Fanksheni ya kawaida ya Lambda hukatwa dakika 15 zikiisha. Hapo panatakiwa mtiririko wa kazi kama Step Functions, huduma nyingine ya AWS, unaokumbuka umefika hatua gani, unaorudia hatua iliyoanguka pekee ukiupangia hivyo, na unaoweza kusubiri hadi mwaka mmoja. (Ufunguo wa risiti bado unahitajika, msiutupe.) Muda wa kusubiri haulipiwi, ila kila kuvuka hatua kunalipiwa: kwa bei ya vituo vya AWS vya Virginia, Marekani, dola 25 kwa mivuko milioni moja, ilhali kuiita Lambda mara milioni ni senti 20 za dola, mbali na muda wa kuchakata. Ndiyo maana wengine hukimbilia aina ya Step Functions iitwayo Express, iliyo nafuu, nayo hukoma dakika ya 5, kamati haijaketi.

Wakurugenzi wasihangaike na michoro ya mifumo. Kabla ya kumlipa fundi, atume ujumbe uleule wa malipo mara mbili mbele yao, kisha waangalie hesabu ya stoo.

Wahandisi wa programu,
Kisumu