Kabla ya kugawa mbegu, chimbeni shimo

Mhariri,

Mafuriko yakishapungua, kama yalivyopungua Rufiji na Kibiti mwaka 2024, haraka yote huwa ni mbegu na mifuko ya mbolea. Tunaomba jembe litangulie. Chimbeni shimo la futi moja na nusu sehemu tano au sita za shamba, upande mmoja ukatwe wima ili matabaka yaonekane. Maji huwa yameacha tope, au mchanga, au kipara baada ya kuubeba udongo wa juu, na kila hali ina dawa yake.

Tope laini si hasara. Warufiji wamelima mlau vizazi na vizazi, wakiyafuata maji yanaporudi mtoni na kupanda kwenye unyevu uliobaki. Kinachoharibu ni haraka ya trekta. Finyanga tonge la udongo wa kina cha jembe, ulibonyeze kwa dole gumba: likipasuka, lima, likibonyea kama ugali, subiri. Trekta likiingia mapema hushindilia sakafu ngumu huko chini, na sakafu hiyo hukaa miaka.

Mchanga ndio mtihani, hasa bonde la Kilosa ambako Mkondoa hushuka nao kutoka milimani. Usipozidi sentimita 5, plau la ng'ombe linatosha kuuchanganya. Ukifika 10, inabidi kulima sentimita 20 hadi 25 ili udongo wa zamani upande juu kwa kiasi kisichopungua kile cha mchanga. Plau huishia 15 hivi, kwa hiyo hapo ni trekta. Ukiparuza juujuu, matabaka yanabaki: maji yakifika pale mchanga unapokutana na mfinyanzi hutuama, na mizizi hupinda badala ya kushuka. Asiye na trekta achimbe mashimo yanayoufikia udongo wa zamani, kina sentimita 30, nafasi 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari inakula mashimo kama 9,000. Kazi si ndogo. Kila shimo litiwe kopo la lita moja la samadi iliyooza, takriban nusu kilo, yaani tani 4 na nusu kwa ekari. Mchanga ukizidi sentimita 20, usihangaike kuuchanganya wote, upunguze kwanza. Mafundi ujenzi huenda wakaununua.

Penye kipara, wapo wanaoshauri kuleta udongo kwa malori. Sentimita 5 tu kwa ekari moja ni mita za ujazo 200, yaani safari 20 za lori la mita 10. Na huo udongo unachimbwa shamba la nani? Udongo wa juu hujengwa papo hapo. Pandeni marejea au fiwi, mimea ya jamii ya kunde inayorutubisha udongo, mkate zinapoanza kuchanua na kuzifukia kina kifupi. Zikiachwa zikomae, mashina yanakuwa kuni na huchelewa kuoza. Pumba za mpunga zisifukiwe peke yake: vijidudu vinavyoziozesha hunyang'anya naitrojeni ya udongo, na mahindi yanageuka njano. Zirundikwe na samadi mpaka zioze.

Kuna jambo hata mabwana shamba hulisahau. Shamba likikaa wiki kadhaa chini ya maji bila mmea, kuvu wanaosaidia mizizi kufyonza fosforasi hupungua. Msimu wa kwanza mahindi yanatoka zambarau, ingawa vipimo vinaonyesha fosforasi ipo, na mkulima anakimbilia urea, mbolea ya naitrojeni isiyo na fosforasi, ambayo haisaidii kitu. Tumieni DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kisoda kimoja kila shimo, ifunikwe kwa udongo kidogo ndipo mbegu ifuate. Mashimo 9,000 ni kilo 45 hivi, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari. Asiye na fedha ya DAP aanze na kunde, ambazo huwarudisha kuvu hao. Kabichi na sukuma wiki haziwarudishi.

Mabwana shamba wastaafu,
Morogoro