Gitaa la rezoneta: kagua koni kabla ya pikapu

Mhariri,

Wanunuzi wa gitaa la rezoneta, yaani gitaa ambalo sauti yake hukuzwa na koni ya chuma ndani ya mwili wake, wasivutiwe na mng'ao wa chuma pekee. Wapige kila uzi kwa nguvu: mkwaruzo mara nyingi ni dalili ya koni ya alumini iliyobonyea au isiyokaa vizuri ukingoni, na pikapu, kifaa cha kunasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye kikuza sauti, itaikuza kasoro hiyo.

Pikapu ya sumaku, mwishoni mwa shingo, hunasa nyuzi, si koni. Haivumi ovyo jukwaani, lakini sauti huelekea gitaa la umeme. Piezo, pikapu inayohisi mtetemo, ikiwekwa chini ya daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya koni) hunasa koni yenyewe, nami naipendelea. Ila iunganishwe na priampu (kifaa cha kuimarisha sauti kabla ya kikuza sauti) yenye ukinzani wa ingizo wa megaomu 1 au zaidi, la sivyo besi hupungua.

Mnapofunga pikapu, legezeni nyuzi kabla ya kufungua kifuniko cha koni. Waya wa pikapu ukigusa koni, utatetema. Skrubu ya daraja ikikazwa mno, koni hukabwa.

Mpenzi wa gitaa