Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya michezo,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nawakumbusha tu wenye ada ya nyuma kwamba ukumbi wa Majengo hatupewi bure.

Jambo kubwa la mwaka huu ni kubadilisha mchezo. Tulikuwa watu wa Mafia, mchezo alioubuni Dimitry Davidoff mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1997 Andrew Plotkin akawageuza wale wahalifu kuwa mbwa mwitu. Sisi tukawaita fisi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mchezo ni mtamu: wachache wanajuana, wengi wako gizani, usiku ukiingia mtu anauawa. Shida ni huyo marehemu. Mwanachama anapanda daladala kutoka Himo, anauawa usiku wa kwanza kabla hajafungua mdomo, kisha anakaa na soda yake akichezea simu mpaka wenzake wamalize. Kadhaa hawakurudi, na siwalaumu.

Ndiyo maana kamati ilileta The Resistance, mchezo wa karata ambamo majasusi waliojificha wanaharibu kazi za wenzao. Humo hafi mtu. Mkiwa 7, majasusi ni 3. Kiongozi wa zamu anateua timu ya kwenda kazini, wote wanapiga kura ya wazi, kisha walioteuliwa wanatoa karata zao kwa siri. Ikionekana karata moja tu ya hujuma, kazi imeharibika (ya nne ndiyo inayotaka mbili), na hapo kelele za ukumbini zinafika barabarani. Timu zikikataliwa mara 5 mfululizo, ushindi ni wa majasusi. Kanuni hiyo imewatuliza wale wazee wetu wa kupinga kila kitu.

Kuhusu viapo, kamati hailegezi. Mtu anasema "haki ya Mungu mimi si jasusi", mwingine anaapia mama yake mzazi, na kumbe ndiye! Kuna mwanachama na shemeji yake walinuniana mpaka nje ya ukumbi. Sasa ukiapa, kura yako ya raundi hiyo haihesabiwi. Danganya utakavyo, ila Mungu usimwingize.

Vijana wameomba tuhamie kwenye Among Us, mchezo wa namna hii wa kwenye simu na kompyuta. Naufahamu, ulitoka 2018 ukaja kuvuma 2020 watu walipofungiwa ndani. Uchezeni majumbani. Mimi nataka nimwone mtu anavyokizungusha kikombe cha chai akiulizwa kwa nini aliipitisha timu ile.

Mwisho, naomba mpitishe ununuzi wa seti mpya ya karata. Ya sasa ina karata ya jasusi iliyokunjika kona, na wapo humu wanaoijua vizuri sana.

Mwenyekiti