Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda Natchez

Mdogo wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Kwa kuwa mwezi ujao mtapita Natchez, Mississippi, nakuomba msiishie kwenye majumba ya matajiri wa pamba yenye nguzo nyeupe. Nendeni State Street, kwenye nyumba ya matofali ya William Johnson, kinyozi mweusi wa enzi za utumwa. Siku hizi ni makumbusho ndani ya hifadhi ya taifa.

Johnson alizaliwa mtumwa mwaka 1809, akaachwa huru mwaka 1820. Mzungu aliyemwacha huru, ambaye inaaminika ndiye baba yake, naye aliitwa William Johnson. Kijana akajifunza unyozi kwa shemeji yake, na mwaka 1830 akalinunua duka la kunyolea. Wateja wake walikuwa wazungu. Mei 1840 kimbunga kikaubomoa mji na kuua watu zaidi ya 300, wengi wao kwenye Mto Mississippi. Johnson akachukua matofali ya majengo yaliyoanguka, akajengea nyumba yake. Chini alipangisha, juu akakaa na mkewe Ann na watoto. Tangu 1835 hadi kufa kwake aliandika shajara: biashara, mbio za farasi, ugomvi wa mitaani, maradhi. Familia iliyatunza madaftari hayo, yakaja kuchapishwa mwaka 1951.

Najua utaona fahari. Hata mimi naiona. Ila Johnson alimiliki watumwa, kama 16 hivi wakati anafariki. Mmoja aliyekuwa naye zamani, Steven, alishindwa na pombe, naye akamuuza, kisha akaandika kwamba siku ile macho yake yalijaa machozi. Naamini alilia kweli, na bado siwezi kumsamehe. Nasi watu wa pwani tunawajua walioonja utumwa kisha wakamiliki watumwa, kwa hiyo tusijifanye kushangaa.

Mwaka 1851 jirani wa Johnson, Baylor Winn, alimuua kwa risasi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Walioshuhudia walikuwa weusi, na sheria ya Mississippi haikuwaruhusu kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Winn alidai si mweusi, mashtaka yakashindwa kuthibitisha vinginevyo, akaachiwa.

Basi mkifika, msiangalie fanicha tu. Waulize wahifadhi habari za Steven, na za wale 16. Majina yao watakayokutajia, niandikie yote.

Kaka yako